Nondo na Safu ya Swala

 

Hapa Kinyinya majengo mapya hayaishi kupanda. Ijumaa moja fundi wa nondo alikuja kuswali, nguo zimejaa vumbi la saruji. Akasimama kando yangu. Nami nikajisogeza, nikaacha nafasi kati yetu. Hakusema neno. Na mimi ndiye ninayesomea dini!

Usiku huo mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa akidurusu kemia ya yabisi. Akanieleza kwamba atomu za chuma zimejipanga safu kwa safu: moja katika kila pembe ya mchemraba na moja katikati, na mpango huo hujirudia kila upande. Lakini chuma kitupu ni laini. Kikilemewa, safu huteleza juu ya safu, kikapinda. Ndiyo maana chuma cha nondo hutiwa kaboni kidogo, isiyofika hata asilimia 1. Atomu za kaboni ni ndogo, tena za asili nyingine. Huingia katika nafasi zilizo kati ya atomu za chuma na kuzizuia safu zisiteleze. Hapo chuma hupata nguvu ya kubeba ghorofa.

Ndugu zangu, Sura ya 57 imeitwa Al-Hadid, Chuma, na katika aya ya 25 Allah anataja nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Katika As-Saff, aya ya 4, anawafananisha wanaosimama safu katika njia Yake na jengo lililoshikamana. Naye Mtume (S.A.W.) alituhimiza kuziba mianya ya safu, tusimwachie shetani nafasi.

Nilidhani safu imara ni ya wanaofanana, msomi kando ya msomi. Chuma kimenikosoa. Fundi mwenye vumbi, aliyesilimu jana, mwanafunzi asiye na nauli: hao ndio kaboni yetu. Tukiwasukuma nje, tutabaki wengi lakini laini.

Fundi yule sijamwona tena. Kila Ijumaa natazama mlangoni, nimwombe radhi.

Ewe Mola, ziba mianya ya nyoyo zetu kabla ya mianya ya safu zetu. Amin.