Aliye Juu Sana Hana Kabila

Wiki hii nataka tulipime jina tunalolitaja kila ibada: Mungu Aliye Juu Sana. Juu ya nani?

Hapa Tana River tunaishi na Waorma. Wazee wao, kabla ya kusilimu, walimwita Mungu Waaqa, neno ambalo pia ni mbingu. Nimesikia watu wakisema, "Huyo ni mungu wao." Pole pole hapo! Biblia ya Kioromo iliyotoka mwaka 1899, kazi ya Onesimos Nesib na Aster Ganno, inamwita Mungu kwa jina hilo hilo. Hata jina Mungu hatukuletewa na wamisionari. Wagiriama walisema Mulungu kabla Biblia haijafika kwao.

Sisemi dini zote ni moja. Namhubiri Yesu, na nitamhubiri mpaka kufa. Lakini ukikiri kwamba yuko Aliye Juu Sana, umekiri pia kwamba hakuna mwingine aliyemuumba jirani yako. Aliyekuumba wewe mkulima ndiye aliyemuumba yeye mfugaji.

Kwa nini nasisitiza? Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa huku Tana Delta katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, watoto wakiwemo. Na pande zote mbili zilikuwa na watu wanaoomba. Jamani, Mungu anayeombwa abariki panga la upande mmoja amefanywa mungu wa ukoo, hata tumwite jina kubwa namna gani.

Yona alikiri mwenyewe merikebuni kwamba Mungu wake ndiye aliyeumba bahari na nchi kavu. Lakini Ninawi iliposamehewa, alikasirika. Soma Yona 4 mpaka mstari wa mwisho: Mungu anawahurumia watu wale, na wanyama wao pia. Hata wanyama! Sisi ambao ng'ombe wakiingia kwenye mahindi tunatafuta panga kwanza, tuusome mstari huo taratibu.

Sisemi shamba liliwe bure. Nenda kwa chifu, nenda kwa wazee, udai haki yako. Lakini usiku ukipiga magoti, mtaje jirani huyo kwa jina, umwombee mema. Ukiona ulimi unakataa, jiulize: namwomba Aliye juu ya wote, au aliye juu ya ukoo wangu tu?