Ushahidi wa Asiyeona

Kadhi hamkubali shahidi anayesimulia ya nyumba asiyopata kuingia. Ama Ulaya, shahidi wa namna hiyo alipewa ukuta atundike ushahidi wake.

Ingres, mchoraji mashuhuri wa Kifaransa, alimaliza picha ya hamamu ya Kituruki mwaka 1862, naye ana miaka 82. Nchi ya Waturuki hakuikanyaga maisha yake. Habari alizitwaa katika barua za Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Kiingereza, aliyeingia hamamu ya wanawake huko Sofia, katika dola ya Uthmaniya, mwaka 1717. Bibi huyo aliwakuta bila nguo, ni kweli. Wengine wakinywa kahawa, wengine wakisukwa nywele. Lakini alishuhudia pia kwamba hakuona kwao hata cheko moja la kukosa haya.

Ingres akautwaa uchi, haya akaiacha. Wanawake wake wamelegea na kupapasana. Na picha, iliyokuwa ya pembe nne, akaigeuza duara, mfano wa tundu la kuchungulia.

Mtu akisema: hakumtaja mwanamke kwa jina, basi kamsingizia nani? Jawabu ni kwamba asingiziwaye peke yake aweza kujitetea. Wakisingiziwa wake wa umma mzima, nani ataitwa mbele ya kadhi?

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Prince Napoléon, binamu yake mfalme Napoléon III. Mkewe alichukizwa nayo, ikarudishwa kwa mchoraji. Leo imo Louvre.