UCHOVU USIOKWISHA NA WAJIBU WA KUTAFUTA SABABU YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia usiku tupumzike na mchana tutafute riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, liko jambo ambalo watu wengi katika miji yetu hulilalamikia, na wachache hulitafutia asili yake. Mtu hulala usiku kucha akaamka amechoka kama aliyekuwa akipakua magunia bandarini. Hupanda ngazi chache akahema. Huiendea swala ya Isha kwa kujikokota. Huenda juma likaja juma, mwezi ukaandama mwingine, na hali ni ile ile. Akiulizwa ana nini, hujibu kuwa hana kitu, amechoka tu. Jamaa zake nao humkatia hukumu: mmoja humwita mvivu, wa pili husema ni jicho la watu, wa tatu husema ana jini na apelekwe akapungwe. Katika hao watatu hakuna aliyemwuliza hulala saa ngapi, hula nini, wala damu yake ilipimwa lini.

Twataka kusema wazi kwamba uchovu usiokwisha una sababu, na kuitafuta sababu hiyo ni katika dini.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na ajizi na kasala. Haya ni mambo mawili mbali mbali. Sisi katika Kiswahili tumeyachanganya, tukaifanya ajizi kuwa ndio uvivu wenyewe. Lakini katika asili ya maneno, ajizi ni mtu kutoweza, na kasala ni mtu kuweza na asitake. Mvivu dawa yake ni mawaidha. Asiyeweza, mawaidha humzidishia huzuni tu, kwani yeye anataka na mwili wake haumfuati. Basi mwenye kumlaumu asiyeweza kwa lawama ya asiyetaka amemdhulumu.

Na tuitazame Sunna. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Alipouliza, aliambiwa ni ya Zainab, akichoka katika swala huishika. Mtume akaamrisha ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Tena Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa. Abu Dardaa alikuwa akifunga kila mchana na kusimama kila usiku, na Salman akamzuia, akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman. Ikiwa kamba ya ibada ilifunguliwa, je, kamba ya tamaa ya pesa, ambayo twajifunga nayo mchana na usiku?

Wala msidhani kuwa jambo hili humdhuru mwenye kuchoka peke yake. Tutwae mfano wa vijana wetu waendeshao malori. Hutoka Changamwe na Miritini na shehena ya bandarini, wakashika njia ya Nairobi, wakapita Nakuru na Salgaa, kisha wakapanda Sachangwan kuelekea Uganda. Mpaka hapo wamekwisha kwenda zaidi ya kilomita 650, na wametoka usawa wa bahari hadi nchi ya baridi iliyo juu zaidi ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi. Mwenye damu pungufu, aliyekuwa akijikaza akiwa Mombasa, huko udhaifu wake hudhihiri. Kisha wakati wa kurudi, ule mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa humngojea, nao wajulikana Kenya nzima kwa misiba. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuteka mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, mahali paitwapo Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori yaligongana, wakafa watu 36.

Ajali hutokana na mambo mengi: iko ya breki, iko ya mwendo, iko ya njia yenyewe. Lakini katika mambo hayo yote, uchovu ndio ambao dereva aweza kuujua kabla hajawasha gari. Gari lendalo kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 60 katika sekunde 3 za kusinzia. Katika mita hizo huenda yumo mama na mwanawe mgongoni. Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizo. Basi itakuwaje kwa mwenye kuwatia na wenzake?

Sasa na tuzitaje baadhi ya sababu, ili msomaji ajipime nazo.

Ya kwanza ni usingizi pungufu. Huyu hulala saa 4 au 5 kila usiku, na wengine huufukuza usingizi kwa miraa. Miraa haimpi mtu nguvu. Humkopesha nguvu za kesho, na deni hilo hulipwa, pengine barabarani.

Ya pili ni usingizi ulioharibika. Mtu hulala saa 8 akikoroma kwa kishindo, na mkewe humsikia pumzi zimekatika, kisha akashtuka kama anayezama. Huyo huamka amechoka na husinzia mchana akikaa tu. Haya ni maradhi yajulikanayo kwa madaktari, huwapata zaidi watu wanene, na yana matibabu.

Ya tatu ni upungufu wa damu. Wazee wetu waliijua safura, na minyoo yake ingalipo: hunyonya damu matumboni kidogo kidogo. Malaria ya mara kwa mara hupunguza damu, na vidonda vya tumbo vyaweza kuivujisha. Wake zetu hupungukiwa kwa hedhi nzito na kwa uzazi wa kufuatana, kisha mume akarudi nyumbani akauliza kwa nini sufuria haijaoshwa. Na chai, ambayo sisi watu wa pwani hatuli ila nayo, huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Inatosha kuiakhirisha saa moja baada ya chakula.

Ya nne ni maradhi yaliyojificha. Kisukari huja na kiu na kukojoa mara nyingi. Kifua kikuu huja na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku na kukonda. Yako maradhi ya tezi ya shingo, ya moyo na ya figo. Na baadhi ya dawa za mafua humlaza mtu akiwa macho.

Ya tano ni moshi wa makaa. Katika nchi za baridi kama Sachangwan, mgeni wa pwani huingiza jiko chumbani akafunga madirisha. Makaa hutoa sumu isiyo na harufu; ikiwa kidogo humwamsha mtu ana kichwa kizito na amelegea, ikiwa nyingi haamki. Mtume (S.A.W.) alikwisha tukataza kuuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo.

Ya sita ni huzuni. Mwenye deni, mwenye kufiwa, mwenye ugomvi wa nyumbani, moyo wake huubebesha mwili mzigo. Huyu naye ni mgonjwa, hana aibu, na dua yake iende pamoja na kumwona mwenye ilimu ya tiba.

Watu wawili watatujibu hapa. Wa kwanza atasema, "Haya ni majaliwa ya Mungu." Twamwambia, naam, na dawa pia ni majaliwa ya Mungu. Sayyidna Umar alipogeuza njia kwa tauni ya Sham, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Wa pili atasema, "Mganga amekwisha tazamia, ni jini." Twamwambia kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza, Mtume amekhabarisha kuwa swala zake hazikubaliwi siku 40. Na juu ya hasara hiyo, zile pesa za kuku na ubani zingalitosha kupima damu. Kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea ni jambo jema. Lakini Mtume huyo huyo aliyetufundisha dua ndiye aliyetufundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na dawa haipatikani kabla ugonjwa haujajulikana.

Basi mwenye uchovu wa wiki mbili au zaidi na afanye hivi. Atwae daftari, aandike kwa siku 14 saa alizolala, alichokula, chai na miraa, dawa anywazo, na saa za uchovu mkali. Amwulize mkewe namna alalavyo. Kisha aende hospitali na daftari lake, apimwe damu, sukari na choo, na akiambiwa arudi, arudi. Akikonda, akitoka damu, akihema au kifua kikimwuma, asingoje siku hizo. Na akiwa dereva, asishike usukani hali macho yanafumba.

Na nyinyi wenye malori, Mtume (S.A.W.) amekataza kuwabebesha watumishi wasiyoyaweza. Sheria ya Kenya nayo humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwenye kumwambia dereva wake awahi Malaba asubuhi na huku ajua hakulala, ni mshirika wake katika litakalotokea.

Ndugu zangu, mwili ni amana, nasi tutaulizwa tuliutumiaje. Mwenye chombo akiona maji yanaingia, hamlaumu baharia kwa uvivu wala hafukizi ubani. Hutafuta tundu liliko akaliziba. Na tuwafanyie hivyo wake zetu, vijana wetu na nafsi zetu.

Mwenyezi Mungu atukinge na ajizi na kasala, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliokufa katika njia ile, na awarejeshe salama walioko safarini. Amin.

Wabillahi tawfiq.