Karadha Njema ni Deni Letu

Enyi ndugu zetu Waislamu,

Kila Ijumaa twasikia mimbarini kuwa riba ni haramu, nasi twakubali kwa vichwa. Lakini mjane apikaye mahamri, akikosa fedha ya unga, amwendee nani? Kwetu sisi hapati. Kwa mla riba, au kwa simu iliyo mkononi mwake, hupata papo hapo. Kisha twamlaumu, ilhali mlango wa halali tumeufunga wenyewe.

Natutazame ya Bangladesh. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, aliwakuta mafukara 42 wa kijiji cha Jobra ambao deni lao lote lilikuwa dola 27. Mmoja wao, mwanamke fundi wa vigoda vya mianzi, alifungwa na mchuuzi aliyemkopesha asimwuzie mwingine, na faida yake ya kutwa ilikuwa senti mbili za Marekani. Yunus aliwakopesha kutoka mfukoni mwake, nao wakalipa. Ikabainika kuwa fukara ni mwaminifu. Mwaka 1983 ikasimama Benki ya Grameen.

Lakini benki hiyo nayo ilitoza riba, asilimia 20 kwa mwaka katika mikopo ya biashara. Na baadhi ya waliomwiga Yunus waliugeuza ufukara kuwa soko. Mwaka 2010, katika jimbo la Andhra Pradesh, India, zilienea habari za wadaiwa waliojiua kwa kubanwa, hata serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuwazuia wakopeshaji. Wako wapi hawa na aya ya 280 ya Suratul Baqara, iamrishayo mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi?

Wala tusiseme kuwa bila ya riba haiwezekani. Huko Lahore, Pakistan, mwaka 2001, Dk. Amjad Saqib na wenziwe walimkopesha mjane rupia 10,000 pasi na ziada, naye akazirejesha. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Akhuwat, yaani Udugu, ambayo hutoa karadha misikitini mbele ya watu.

Misikiti yetu ina mazulia mazuri. Basi na iwe pia na sanduku la karadha, daftari, mashahidi na waaminifu wa kulisimamia. Kukataza haramu pasi na kufungua halali ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki tutaulizwa sisi.

Mwenyezi Mungu atuafikishe. Amin.