Je, Homoni Ni Udhuru?

Kijana mmoja darasani aliuliza hivi: "Ikiwa hasira, hofu na tamaa huletwa na homoni mwilini, kwa nini mkosaji alaumiwe?" Swali hili halifai kupuuzwa. Likikubaliwa bila kupimwa, toba haitakuwa na maana, wala shukrani.

Tumtazame kwanza kiumbe dhaifu wa baharini, konyeza aitwaye Aurelia aurita. Yeye hana moyo wala ubongo. Katika sehemu moja ya maisha yake hukaa ameshikamana na jiwe au gamba, mdogo wa milimita chache, na katika hali hiyo huitwa polipu. Baridi inapodumu majuma kadhaa, mwili wake hugawanyika pingili pingili kama sahani zilizopangwa, na kila pingili huachana na nyingine ikaogelea, ikawa konyeza mchanga.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, walieleza jinsi jambo hili linavyotukia. Wakati wa baridi protini fulani huongezeka ndani ya polipu siku hata siku, mithili ya saa ihesabuyo muda. Tena ndani ya seli zake kimo kipokezi kinachoshikana na asidi itokanayo na vitamini A. Kipokezi cha namna hii hukaa juu ya maandishi ya urithi katika kiini cha seli, na kikipata ujumbe wake huamsha kazi zilizokuwa zimelala. Wataalamu walipompa polipu asidi hiyo pasipo baridi, alianza kugawanyika vilevile. Hakuuliza kama majira yamefika kweli. Ujumbe ulifika, naye akatii.

Mwanadamu naye anavyo vipokezi vya jamii hiyo hiyo. Akitukanwa, homoni humwagika katika damu, moyo ukaenda mbio na mikono ikatetemeka. Hayo hakuyachagua, wala hakuna amlaumuye kwa moyo kwenda mbio. Lakini yeye aweza kuuliza lile ambalo polipu hawezi: "Je, neno hili ni kweli? Je, pigo hili ni haki?" Aweza kuuzuia mkono wake, na kama amechelewa kuuzuia, aweza kwenda kuomba radhi. Hapo ndipo lawama na sifa zinapoanzia.

Hata hivyo tusiwe wakali kupita kiasi. Wapo ambao homoni zao zimevurugwa na maradhi, hata wakawa wepesi wa kughadhibika au wazito wa huzuni. Mzigo wao si sawa na wa mtu mzima wa afya, na sisi hatuoni yaliyomo ndani ya seli za jirani.

Basi elimu hii ina mahali pake. Tuitumie kumtafutia ndugu yetu udhuru kabla ya kumhukumu. Lakini kila mmoja wetu ajihadhari asiitumie kujitafutia udhuru yeye mwenyewe, maana aliyekwisha kuuliza, "Je, nina hatia?" amekwisha kuonyesha kwamba yeye si polipu.