Wema kwa Mgeni na Kungojea Ahsante

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika maneno yanayosikiwa sana barazani petu ni haya: "Nimemfanyia fulani wema, wala hata ahsante hakuniambia." Naye asikiaye hutikisa kichwa, akajibu kuwa shukrani ya punda ni mateke. Lakini wazee wale wale waliotuachia mithali hiyo wametuachia na nyingine, nayo ni: tenda wema wende zako. Ile ya kwanza ni ya kulalamika, na hii ya pili ni ya kuamrisha. Nasi twaipenda ya kwanza kwa kuwa yatupa haki, na ya pili twaiacha kwa kuwa yatutaka kazi. Basi leo twataka kulitazama suala hili: Je, mtu aliyemsaidia mtu asiyemjua ana haki ya kungojea kushukuriwa?

Kabla ya kuwausia wengine yanipasa nianze na nafsi yangu. Siku moja nilikuwa nimeketi nje ya msikiti baada ya sala ya adhuhuri, akanijia mtu nisiyemjua, si wa mji wetu, mkononi ana karatasi ya hospitali asiyoweza kuisoma. Nikaiacha shughuli yangu, nikamsomea, kisha nikafuatana naye mpaka mlangoni, nikamsemea kwa wenye kazi hata akapata alilolitaka. Alipokwisha akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaenda zake, wala hakutamka neno. Nalirudi nyumbani na moto kifuani, na jioni ile nikakihadithia kisa hicho kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Hazikupita siku tatu akaja mzee mwingine, naye ana karatasi kama ile. Nikamwambia: "Nenda kawaulize wenyewe." Magharibi nikampita, amekaa kitako ukutani, karatasi bado i mkononi, alikuwa amekwenda mlango usio wake, na hata alipoelekezwa mlango wenyewe alikuta umefungwa. Alikuwa ametoka shamba tangu alfajiri, na ilimlazimu arudi siku nyingine. Nikajiuliza: mzee huyu amenikosea nini? Nikaona hana kosa lo lote. Deni nililodai kwa yule wa kwanza nimemlipisha huyu wa pili. Hili ndilo dhara kubwa la kungojea ahsante: haimuumizi yule asiyeshukuru, kwani yeye amekwisha kwenda na haja yake mkononi, humuumiza yule ajaye nyuma yake.

Sasa na tuipambanue haki. Hapana shaka kwamba kushukuru ni wajibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na ya kuwa aliyetendewa wema akashindwa kuulipa, basi na amwombee dua aliyemtendea. Lakini tazama, ewe ndugu msomaji, mafundisho haya yasemezwa sikio la nani? Yasemezwa sikio la yule aliyepokea. Na sikio la yule aliyetoa limesemezwa mengine. Katika Sura ya Al-Insan wamesifiwa watu walishao chakula, nao wenyewe wakipenda, wakampa maskini na yatima na mfungwa, na nia yao ni radhi ya Mola wao tu, hawataki kwa wale waliolishwa malipo wala shukrani. Angalia kuwa ametajwa mfungwa. Wafasiri wengi wamesema mfungwa wa zama zile alikuwa ni adui aliyetekwa vitani. Ni nani atakayengojea ahsante kwa adui yake?

Basi fitina yote yatokana na kubadilishana mafunzo. Aliyepokea huyashika ya mtoaji, akasema: "Amefanya kwa ajili ya Mungu, nimshukuruye ya nini?" Na mtoaji huyashika ya mpokeaji, akasema: "Asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu." Kila mmoja amekamata fimbo ya kumpigia mwenziwe, na kioo cha kujitazamia amekiacha chini. Lau kila mtu angesoma lililo lake, mpokeaji angeshukuru pasipo kudaiwa, na mtoaji angetoa pasipo kudai.

Tena litazameni neno lenyewe. "Ahsante" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni: umefanya vyema. Si malipo, bali ni ushahidi. Na jambo lililotendeka vyema halibatiliki kwa kukosa shahidi wa kibinadamu, kwa kuwa Shahidi wake aliyeliona yupo. Linalolibatilisha ni masimango. Nayo yamepigiwa mfano katika Sura ya Al-Baqara wa jiwe laini lenye udongo juu yake, ikaja mvua kubwa, ikauchukua udongo, likabaki jiwe tupu. Nami usiku ule niliokuwa nikikihadithia kisa changu, nilikuwa ninajinyeshea mvua hiyo kwa mikono yangu.

Huenda mtu akasema: "Moyo wa binadamu wapenda kushukuriwa, mkikataza hilo watu watachoka kutenda wema." Twajibu: kupenda si kudai. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan naye ni mgeni, mkimbizi, hana jamaa, akawaona wanawake wawili wamejitenga na mifugo yao kwa kuwangojea wachunga, akawanyweshea, kisha akajitenga kivulini. Hakusimama mbele yao kungojea neno. Alikuwa na haja kubwa, lakini haja yake alimwambia Mola wake. Kisha mmoja wa wale wawili akarudi, akienda kwa haya, akamwambia kwamba baba yake amwita apate kumlipa. Musa akaenda, wala hakukataa. Twajifunza mambo mawili: malipo yakija yenyewe kuyapokea si aibu, na kivulini ndiko mahali pa mtu aliyekwisha kunywesha, si kisimani. Tena Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu atendaye la kheri, kisha watu wakamsifu kwalo, akasema kuwa hiyo ni bishara ya muumini iliyotangulizwa. Bishara hupokewa, haidaiwi.

Mwingine atasema: "Lakini huyu wangu hakunyamaza tu, amenilipa ubaya." Na amkumbuke Sayyidna Abubakar (r.a.), aliyekuwa akimruzuku Mistah, jamaa yake maskini, naye Mistah akaingia katika uzushi uliomzulia binti wa mfadhili wake, Bibi Aisha (r.a.). Abubakar akaapa kuwa hatampa tena. Ikateremka aya katika Sura ya An-Nur kuwakataza wenye wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa na maskini, bali wasamehe. Naye akamrudishia riziki yake. Ikiwa aliyezua uwongo hakukatiwa, je, aliyesahau kusema ahsante?

Na mgeni ana udhuru zaidi kuliko jirani. Jirani aweza kukushukuru mwaka mzima kwa sahani ya futari na kwa kukuzika. Mgeni hana ila ulimi wake na saa ile moja, na huenda katika saa hiyo ana mgonjwa, au ana haya, au lugha haimpi neno. Yule mtu wa karatasi sikumwuliza karatasi ile ni ya nani. Huenda ilikuwa ya mwanawe.

Mwisho twatoa mfano wa zama zetu. Watu huenda hospitali wakatoa damu, na chupa moja ya damu yaweza kugawanywa ikafaa wagonjwa watatu. Mtoaji kwa kawaida hajui damu yake imeingia mwilini mwa nani, na mgonjwa hajui ilitoka kwa nani. Richard Titmuss, mtaalamu wa Uingereza, alitunga kitabu juu ya jambo hili mwaka wa 1970, akiwasifu wale wanaompa damu mtu wasiyemjua pasipo malipo. Ni nadra kumsikia mtoaji damu akilalamika barazani kwamba hakuambiwa ahsante. Kwa nini? Kwa sababu alipotoa hakungojea. Basi kinachotuunguza si kukosa shukrani, bali ni kule kuingojea. Na kuingojea ni kazi ya mioyo yetu wenyewe, si kosa la mgeni.

Basi, ndugu zangu, tukitendewa wema tushukuru, tena upesi, na tuseme jazaka-llahu khairan, maana hayo ni haki ya mwenzetu. Na tukitenda wema twende zetu. Mtu akitaka kuijua nia yake na asijiulize, "Huyu amenishukuru?" bali ajiulize, "Akija mwingine kesho na karatasi yake, nitainuka?" Yule mzee sikumwona tena, nami sina njia ya kumtaka radhi ila hii, kuinuka kila ajapo mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu, atusamehe masimango yetu, na atujaalie katika wenye kushukuru wasio na kudai shukrani. Amin.