Fungu la Asiyekuwapo

Katika nchi ya Marekani ulitokea ugomvi ambao yatupasa kuutafakari. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA walikuwa wakipewa sehemu 57 katika kila 100 za mapato ya mchezo. Wenye timu wakanena ya kuwa wengi wao wapata hasara. Basi tarehe 1 Julai 2011, mapatano yalipokwisha, wakawafungia wachezaji milango. Mashindano yakakawia hata siku ya Krismasi, na michezo 82 ya kila timu ikapunguzwa kuwa 66. Mwisho wake wachezaji walikubali sehemu kati ya 49 na 51.

Hatumlaumu mchezaji kwa kudai haki yake, maana watu huja kumtazama yeye, na nguvu za mwili hazidumu. Wala hatusemi mwenye timu hana haki, kwa kuwa ametoa mali yake. Lakini je, wafagiao viwanja, na walindao milango, na wauzao chakula? Hao hawakuitwa mezani, na siku zisizo na mchezo ziliwakosesha ujira.

Bwana wetu alipoombwa na mtu mmoja amwamuru nduguye amgawie urithi, alikataa, akawaonya watu juu ya choyo. Nasi tugawanyapo mavuno au mapato, tusiulize tu fungu letu ni lipi. Tuulize pia ni nani asiyekuwapo, ambaye ugomvi wetu wamnyima chakula. Mungu atujalie mioyo ya haki. Amina.